Benchi la Mfiwa

1

Nilipofika Tukuyu mara ya pili, kiwanda kilinipokea kwa barakoa mpya, koti jeupe lenye jina langu kifuani na chupa ya chai ya tangawizi. Mtu akikukirimu hivyo kabla hujakaa, ujue kuna kitu angependa usikione. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mpanga madaraja ya hatari, na ukarimu wa namna hiyo nimeuzoea. Chai nikanywa, maana ya bure haikataliwi, kisha nikaomba funguo za chumba cha kupakia.

Kazi yangu ni rahisi kuieleza. Kila kemikali inayoingia kwenye dawa lazima ipewe daraja kabla binadamu hajaruhusiwa kuishika siku hadi siku. Daraja la kwanza ni vumbi la kawaida, kama unga wa sembe. Ukilivuta utapiga chafya, basi. La pili unavaa barakoa. La tatu kila meza inafungiwa feni kubwa ya kufyonza vumbi. La nne mtu anavaa suti nzima na hewa yake anaibeba mgongoni. La tano ni la mwisho: pumzi ya mtu na kemikali hazikutani kabisa. Unga unafungiwa kwenye kabati la kioo, na mfanyakazi anaingiza mikono kupitia glavu ndefu zilizofungwa kwenye matundu ya kabati.

Ofisini tuna mashine tunayoiita Mizani. Ndiyo inayosoma vipimo vyote vya maabara na kupendekeza daraja. Lakini sheria inataka mtu afunge safari, atazame kwa macho yake, azungumze na wafanyakazi, halafu ndipo aweke dole gumba. Bila dole gumba la mtu, pendekezo la Mizani ni karatasi tu.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya safari hii nilikuwa nimeweka dole gumba langu kwenye daraja la pili, la muda. Kiini cha dawa kiliitwa rejea, unga mweupe usio na harufu, uliotengenezwa kwa ajili ya wazee waliopoteza kumbukumbu. Kidonge kimoja asubuhi, na baada ya wiki sita bibi aliyekuwa akimuuliza binti yake "wewe ni mgeni wa nani?" anamwita kwa jina na kumgombeza kwa kuchelewa. Nimewaona kwa macho yangu, na asije mtu akaniambia rejea si dawa nzuri. Mizani ilijaribu unga huo kwenye seli za mapafu, za ini, za ngozi na za ubongo, zote zilizooteshwa maabara. Zote zikatoka salama.

Kasoro ni kwamba seli hazina marehemu. Seli haijawahi kumzika mtu. Kwenye fomu hapakuwa na swali kama hilo, na mimi sikulifikiria, kwa sababu wakati ule na mimi nilikuwa sijafiwa.

Mume wangu, Ambakisye, alikufa miezi saba kabla ya safari ya pili. Alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu mrefu, mpenda utani, na aliugua siku tisa tu. Hili nalisema mapema ili nikifika mbele usiniulize kwa nini nilifanya nilichofanya.

2

Chumba cha kupakia kilikuwa na benchi nane na wanawake wanane. Kwenye kila benchi mmoja alikuwa akichota unga kwa kijiko cha plastiki, akiupima kwenye mzani mdogo na kuufunga kwenye mifuko ya kupelekwa kwenye mashine ya vidonge. Barakoa walikuwa nazo. Saba walikuwa wamezishusha kidevuni.

Nikawasha kipima vumbi changu na kupita nacho benchi baada ya benchi. Benchi la kwanza, sawa. La pili, la tatu, sawa. Nilipofika la nane, kule pembeni chini ya feni ya ukutani, kidude kikaanza kulia na kikawa hakinyamazi. Vumbi pale lilikuwa mara thelathini ya kwingine. Nikainua macho kutazama feni. Ilikuwa imezibwa kwa kitenge kilichokunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba.

"Mama Ipyana," nikamwita msimamizi wao, "nani kaziba feni hii?"

Mama Ipyana ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono ya mtu aliyechuma chai tangu utoto. Safari ya kwanza tulielewana sana. Aliweka kijiko chake chini, akajifuta mikono.

"Ugonile, Mama Subi," akasema. "Tusalimiane kwanza. Feni haikimbii."

Nikaona aibu, nikaitikia. Wakasimama wote, wakanijia mmoja mmoja na kunipa mkono. "Pole, mwenzetu." "Tumesikia, pole sana." "Mungu amempenda zaidi." Sikujua kwamba habari zimefika. Wa mwisho alikuwa binti aliyekuwa amekaa benchi la nane; alikuwa amemzika dada yake wiki tatu nyuma. Hakunipa mkono. Alisogea pembeni na kunionyesha benchi lake.

"Kaa wewe, mama," akasema. "Mimi wangu nimeshamwona leo."

Nilimtazama Mama Ipyana anieleze.

"Kwingine mfiwa anapelekewa mchele na sukari," akasema. "Hapa tunampisha benchi. Akae mwezi mmoja, au zaidi kama uchungu haujashuka. Mwenye msiba mpya akija, wa zamani anampisha. Ndivyo tulivyokubaliana."

"Mkakubaliana lini?"

"Nilipomzika Ipyana. Mimi nilikuwa wa kwanza kukaa. Feni ilikuwa mbovu yenyewe, hatukuiziba sisi. Nilikaa pale nikilia, na mwanangu akaja." Alisema hivyo kama mtu anayekutajia saa. "Walipotengeneza feni, ndipo tukaziba."

Hapo nilipaswa kutoka nje, kufunga chumba na kupiga simu. Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza analijua hilo. Badala yake nilijiambia kwamba siwezi kuandika ripoti ya kitu nisichokishuhudia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu ya kikazi. Nikakaa, nikashusha barakoa, nikaweka daftari magotini.

Yaliyofuata nayatoa kwenye daftari. Sina mahali pengine pa kuyatoa, na sababu utaiona.

"Saa nne na robo, benchi la nane. Dakika ya sita: harufu ya nguo iliyonyeshewa. Dakika ya nane: A. amesimama kushoto kwangu. Ana miaka ishirini na kitu. Shati la bluu limemganda mgongoni. Ameshika mwavuli mweusi, waya mmoja umevunjika. Nyuma yake duka la cherehani, na mtaro umejaa maji, maji yamebeba ndala moja. Anasema: Nimekurudishia mwavuli wako, ila umerudi na kilema, kwa hiyo nimeuleta pamoja na mtu wa kuushika. Nacheka. Namsikia msichana anacheka na ni mimi. Ananishika mkono, mkono wake umelowa na ni wa baridi. Dakika ya kumi na tisa: ameondoka."

Chini yake niliandika neno moja, na si la kitaalamu. Niliandika: Asante.

3

Siku ya pili niliamka nikiwa na haraka ya msichana. Kwenye nyumba ya wageni nilijipaka mafuta, nikavaa gauni ambalo Ambakisye alikuwa akilisifia. Nilijiona mjinga na sikujali. Miezi saba nilikuwa nimelala upande mmoja wa kitanda, nikiacha ule mwingine bila kuukunja shuka. Miezi saba nikisikia lango nageuka. Ukisikia kwamba mahali fulani yule mtu anapatikana kwa dakika kumi na tisa, huulizi daraja.

Daftari la siku ya pili ni fupi. Linasema A. alikuja na mwavuli, akasema "Nimekurudishia mwavuli wako," akanishika mkono. Duka la cherehani halimo. Ndala haimo. Wala sikuona kwamba havimo.

Mchana nilifanya mahojiano, kama sheria inavyotaka. Nilikuwa na majibu yao ya safari ya kwanza, nikawa nalinganisha. Usingizi: mzuri. Hamu ya kula: nzuri. Kichwa: hakiumi. Ukiisoma fomu peke yake ungesema hawa ndio wafanyakazi wenye afya kuliko wote nchini. Wa mwisho akaingia Mama Ipyana.

Safari ya kwanza Ipyana alikuwa amekufa mwezi mmoja kabla. Nilipofika kwenye swali la usingizi, mama wa watu alianza kulia na hakuweza kuacha. Sikujua la kufanya, nikamwambia anisimulie kijana alikuwaje, nami nikaandika pembeni mwa fomu ili nisilazimike kumkodolea macho. Alisimulia saa nzima. Nilijaza pembezoni zote nne na nyuma ya karatasi.

Sasa alikaa mbele yangu ametulia, mikono mapajani.

"Unalala vizuri, Mama Ipyana?"

"Vizuri sana."

"Na Ipyana bado anakuja?"

"Anakuja kila nikikaa. Anafungua mlango, anasema, 'Mama, nimefika.'"

"Na kingine?"

"Kingine kipi?"

"Anasema nini kingine? Au anafanya nini?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayepekua mkoba. "Anasema amefika," akajibu. "Basi."

"Nyumbani je, ukiwa mbali na benchi? Unamkumbuka?"

"Sina haja ya kumkumbuka, Mama Subi. Anakuja mwenyewe." Alitabasamu. "Siumii tena. Nilidhani nitakufa kwa yule mtoto, na angalia, siumii hata kidogo."

Nilimwonea wivu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilifunga fomu bila kutazama zile pembezoni, nikasema moyoni: mwaka mmoja zaidi na mimi nitakuwa hivi.

Siku ya tatu nilikaa tena. Daftari linasema: "Amekuja. Nimekurudishia. Mkono umelowa."

4

Simu ya binti yangu Subilaga ilinikuta siku hiyo hiyo ya tatu, nikila ndizi na maharage kwenye kantini ya kiwanda. Ni mjamzito wa miezi sita, na tangu baba yake afariki ameshikwa na kazi ya kuandika kila kitu kuhusu ukoo, asije mtoto akazaliwa hajui alikotoka.

"Mama, uko na nafasi? Nimefika pale pa mwavuli nimekwama. Baba alikurudishia palepale dukani au alikufuata nyumbani?"

"Mwavuli gani?"

Alicheka. "Mwavuli wenu, mama."

"Subi, sikuelewi. Mwavuli upi?"

Akaacha kucheka.

"Mama," akasema taratibu, "siku uliyokutana na baba. Mvua. Ulimwazima mwavuli hata jina lake hujui, akakaa nao wiki mbili, shangazi akakusema sana. Umenisimulia mara mia. Kwenye msiba umewasimulia watu wakacheka mpaka mchungaji akacheka. Mama, uko sawa?"

Nilimwambia niko sawa, ni uchovu wa safari, nitampigia. Nikaweka simu mezani. Nilitafuta siku niliyokutana na mume wangu. Siku ya harusi nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo nyumba yetu ya kwanza, kuzaliwa kwa Subi, ugomvi wetu wa antena, zile siku tisa za hospitali. Nikarudi nyuma zaidi na pale pa kuanzia palikuwa na mkono uliolowa na neno moja, "nimekurudishia". Alinirudishia nini, sikujua.

Nilifungua daftari. Mwandiko ulikuwa wangu. Nilisoma duka la cherehani na ndala mtaroni na yule kijana mwenye maneno matamu, na nilimpenda, lakini nilimpenda kama unavyompenda mtu wa kwenye habari uliyosimuliwa. Hakuna kitu ndani yangu kilichoitikia.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye mikunjo ya gauni zuri.

Niliacha chakula, nikafungua faili za Mizani na kuitafuta njia ya unga mwilini. Ikawa hivi. Kumbukumbu ya mtu haikai kabatini ikisubiri. Kila ukiikumbuka unaifungua, na kila ukimaliza ubongo unaiandika upya ndipo unaifunga. Rejea hufungua kwa nguvu kuliko kawaida. Mzee anameza kidonge, kinapita tumboni, ini linakikata makali, na kinachofika kichwani ni kidogo mno: mlango unafunguka na bado unajifunga. Mtu anayevuta vumbi, dawa inaruka ini, inafika nzima. Mlango unafunguka wote, anamwona marehemu wake waziwazi, halafu hakuna kinachobaki cha kuufunga. Kilichotoka hakiandikwi tena. Kesho yake kinatoka kilichobaki cha kilichobaki.

Na mfiwa hafungui mlango wowote tu. Anafungua ule anaoulilia. Wanawake wale, kwa huruma, walikuwa wamewapa wenye msiba mpya mahali penye vumbi kuliko pote. Walimpa kila mfiwa kilicho bora kwa kadiri walivyojua.

Nikachukua fomu ya zamani ya Mama Ipyana. Nikasoma pembezoni zote nne na nyuma.

5

Meneja wa kiwanda, Bwana Ngailo, hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"La tano," akasema.

"La tano."

"Kabati za kioo zinachukua miezi minane kufika na kufungwa. Vidonge vilivyopo ghalani ni vya miezi mitatu. Kuna wazee elfu tatu kwenye orodha, Bi Atuganile. Miezi mitano hawatakuwa na kitu."

"Najua."

"Mama yangu ni mmoja wao. Juzi kaniita Kadege. Ni jina la utotoni, nilikuwa sijalisikia tangu niko darasa la pili. Hiyo miezi mitano ataniita nani?"

Alipendekeza la tatu: wazibue feni, wang'oe lile benchi, wasimamiwe. Haikuwa hoja ya kipumbavu. Nikamwambia nitafikiri mpaka saa nane.

Lakini nilichokifikiria hakikuwa wazee wake. Nikiweka la tatu, sheria inamtaka mpanga madaraja arudi kukagua kila baada ya miezi mitatu. Mara nne kwa mwaka ningekuja Tukuyu kihalali kabisa, na funguo za chumba zingekuwa mkononi mwangu. Kuziba feni kwa kitenge ni kazi ya dakika moja. Siku ya harusi bado ninayo. Ningeweza kuiona harusi yangu mara moja, mara moja tu, Ambakisye na ile suti ya kuazima iliyombana mabega, na kuimaliza.

Nilikwenda hadi mlango wa chumba. Mama Ipyana alikuwa amesimama pale na wenzake nyuma yake. Habari kiwandani hazihitaji simu.

"Tumesikia unatufungia," akasema.

"Bado sijaandika."

"Hatujawahi kuumwa hata mmoja. Hatujamkosea mtu. Wewe mwenyewe umekaa pale siku tatu, tumekuona uso wako ulivyokuwa." Sauti yake haikupanda. "Kifo kilitunyang'anya watu wetu mara ya kwanza, tukakaa kimya maana kifo hakiulizwi. Wewe tunakuuliza. Usitunyang'anye mara ya pili, Mama Subi. Tafadhali."

"Anayewanyang'anya ni hilo vumbi, Mama Ipyana. Kila akija anaondoka na kipande chake. Mimi limeninyang'anya siku niliyokutana na mume wangu."

"Na inakuuma?"

"Inaniuma sana."

"Basi ungekaa zaidi," akasema kwa upole, akinipa ushauri kwa moyo mmoja. "Ikiisha yote haiumi."

Yule binti aliyemzika dada yake alikuwa nyuma yake, barakoa kidevuni, akinitazama kwa macho ya mtu aliye na haraka ya kurudi mahali. Nililijua lile jicho. Nilikuwa nalo tangu juzi.

Nikageuka nikarudi ofisini.

Mizani iliuliza sababu ya kupandisha daraja. Kuna orodha ya sababu, kila moja na namba yake: huunguza ngozi, hupofusha, huzuia kupumua, hudhuru mimba, husababisha saratani. Niliipitia yote mara mbili. Mashine ikaniandikia kwamba sababu isiyo na namba haipokelewi. Nikaiandikia sheria inayompa mpanga madaraja haki ya kuandika kwa maneno yake akihatarisha leseni yake. Ikafungua nafasi ya mstari mmoja.

Mstari huo sasa uko kwenye kila debe la rejea, chini ya ile alama ya hatari ya pembe nne yenye mpaka mwekundu na mtu mwenye nyota kifuani. Unasema: *Ukivuta vumbi lake litakupa marehemu wako, na litammaliza ndani yako.*

Nikaweka dole gumba. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

6

Walifunga chumba saa tisa. Mafundi walileta nailoni ngumu wakaanza kuzungushia benchi, wakianzia la nane. Wanawake walitoka mmoja mmoja na kunipita bila kuniaga, na sikuwalaumu. Mvua ya Tukuyu, ile nyembamba isiyo na mwanzo wala mwisho, ilikuwa ikinyesha juu ya mashamba ya chai.

Mama Ipyana alikuwa wa mwisho. Alikaa kwenye ngazi za nje, chini ya bati, akisubiri ipungue. Nilikwenda nikakaa ngazi moja naye. Hakusogea.

"Nina kitu chako," nikasema. "Ulinipa nikuwekee, safari ile ya kwanza. Hatukujua wote wawili kwamba unaniwekesha."

Nikatoa ile fomu.

"Sijui kusoma mwandiko huo," akasema bila kuutazama.

"Nitasoma mimi."

Nikamsomea. Kwamba mtoto alizaliwa miguu mbele na mkunga akasema huyu atakuwa mbishi. Kwamba hakupenda maharage, akawa anayaficha kwenye soksi, na mama yake akagundua siku ya kufua. Kwamba alikuwa na jogoo kilema akamwita Diwani, kwa kuwa alitembea kwa maringo na hakuwa na kazi. Kwamba mvua ikinyesha alitembea kinyumenyume njia nzima kutoka shule ili isimpige usoni, akaanguka mara mbili kwenye shamba la jirani na mara zote mbili akasema ni jirani aliyesogeza shamba. Kwamba akiwa na miaka ishirini na mbili, kifua kikiwa kimeshambana, alimchorea mama yake jiko lenye dirisha linalotazama mlima, akamwambia, ukipika uone mbali.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mara moja, pale pa jogoo, alicheka kidogo kwa pua, kama mtu anavyocheka habari ya mtoto wa watu.

Nilipomaliza aliinua kichwa. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye bati mbele ya miguu yetu.

"Ni mtoto wa kuchekesha," akasema. "Wa nani?"

"Ni Ipyana, mama. Wako."

Alinigeukia. Alinitazama usoni akitafuta kama namtania.

"Ipyana wangu anasema 'Mama, nimefika,'" akasema.

"Huyo huyo. Alikuwa na haya yote."

Akaichukua ile karatasi mkononi mwangu. Hakujua kuusoma mwandiko, lakini aliipitisha kidole, pembe ya kwanza, ya pili, akaigeuza nyuma akaona nako kumejaa. "Yote haya?" akauliza. "Alikuwa mwingi hivi?" Na uso wake uliokuwa umetulia mwaka mzima ukaachia, ukavunjika kuanzia mdomoni, akajishika kifua kwa mkono mzima na kulia kama alivyolia siku ile ya kwanza mbele yangu, bila kujificha.

Nilimshika bega. Sikuwa na uhakika kama nimemtendea wema. Hadi leo sina.

Ilipita dakika nyingi. Akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Ndaga," akanishukuru. "Sasa ananiuma." Akanirudishia karatasi. "Anza tena pale pa soksi. Polepole, nishike."

Nikaanza tena pale pa soksi. Tulipomaliza mara ya tatu mvua ilikuwa bado inanyesha, nikampigia Subilaga, nikamwomba anisimulie habari za mwavuli tangu mwanzo.